Kamati ya Ufundi

Anayejua mpira wa kwetu hahitaji kuelezwa kamati ya ufundi ni nini. Kwa asiyejua: ni wale watu wa timu wanaokwenda kwa mganga kabla ya mechi, na hakuna anayelitaja jambo hilo kwa jina lake. Mswidi wetu hakujua. Alikuwa kijana wa rika langu, amekuja Mwanza na kanisa moja kuchimba visima, na jioni alicheza beki wa kati kwenye timu yetu ya Kirumba. Mimi nilikuwa golikipa. Mchana nilikata minofu ya sangara, maana miaka ile viwanda vya samaki vilikuwa vinaota kama uyoga. Mabango ya UKIMWI yalibandikwa hadi kwenye ukuta wa kiwanda, nasi tukayapita kama matangazo ya soda.

Nilimpenda yule Mswidi, nasema bila kuficha. Hakuwa mtu wa kuhubiri. Baada ya mazoezi tulikaa nyuma ya goli tukisoma Injili ya Marko, yeye akisoma kwa lafudhi yake ya kuchekesha, mimi nikimsahihisha. Miezi minne hivyo. Nilibatizwa utotoni nikasahau, na sasa nikajikuta nasali mwenyewe, bila kusukumwa. Nikamwambia nimeamini, na ilikuwa kweli.

Ilipokaribia mechi na timu ya Buzuruga, katibu akatangaza kwamba wachezaji wote tutakwenda Mkolani na kamati ya ufundi. Mswidi akafurahi. "Mimi pia fundi!" akasema, akabeba na daftari la kuchorea mbinu. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ningeweza kumweleza palepale. Niliona haya, nikapanda naye gari.

Tulikuta ua uliofagiliwa, wembe juu ya sahani ya bati, na mzee asiyeitikia shikamoo zetu. Akatupanga mstari. Winga wetu wa kushoto akatangulia. Akachanjwa chale tatu kila mkono, damu ikatoka, dawa ikapakwa. Wembe ukafutwa kwa kitambaa. Aliyefuata nilikuwa mimi, na nyuma yangu beki wa kulia, jirani yangu tangu utoto.

Mswidi akanishika mkono.

"Wembe mmoja?"

"Tulia. Ni mambo ya timu."

"Uliniambia unaamini."

"Naamini. Lakini kesho kuna mechi."

Sijawahi kusema neno la kijinga kuliko hilo, na nililisema kwa moyo wangu wote. Hakuniachia. Tukavutana mbele ya timu nzima hadi beki wa kulia akachoka kungoja. "Kama unaogopa, pisha wanaume," akasema, akapita, akanyoosha mkono wake. Nikatoka nje ya ua kwa hasira. Nisijisifu kwamba ilikuwa imani, niliaibika tu.

Tulipigwa mbili bila, zote nikizitazama. Timu ikaniita msaliti, nami nikamtupia Mswidi lawama zote. Alikuja nyumbani mara tatu, mara tatu nikasema aambiwe sipo. Mkataba wake ukaisha, akaondoka bila sisi kuagana.

Mwaka uliofuata winga akaanza kukohoa na kukonda. Watu walisema Buzuruga wamemroga. Akafa. Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza beki wa kulia. Kila asubuhi nilimpima kwa macho: mashavu, shingo, namna suruali ilivyomkaa. Nikimwona anakula vizuri, napumua. Ikapita miaka miwili, mitatu, kisha jezi ikaanza kumpwaya. Naye tukamzika. Inawezekana aliupata kwingine ugonjwa ule wa kwenye mabango. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Siku hizi sikosi ibada. Mama wa beki wa kulia hukaa benchi la mbele yangu. Kanisani kwetu kuna muda wa shuhuda, na ushuhuda ninao, mkubwa kuliko nyingi ninazozisikia pale: Mungu alinizuia kwa mkono wa rafiki. Sijawahi kuutoa.

Jumapili moja tulipotoka nikamwamkia yule mama.

"Marahaba, mwanangu. Hivi wewe, miaka yote hii sijakuona umesimama. Ina maana Mungu hajakutendea jambo hata moja?"

"Amenitendea, mama."

"Basi simama useme, na sisi tufurahi."