Mashine Inayougua Asubuhi

Siku ya kwanza mashine ya mashua ilimwaibisha mwenyewe kwa kukataa kuugua. Mtu huyo, aliyeitwa Posta na mtaa mzima, aliileta kwa toroli, imefunikwa gunia, akaeleza kwamba kila asubuhi huvuta kamba mara ishirini, mara thelathini, mpaka bega linawaka moto kabla ya injini. Fundi akaifunga kwenye pipa la maji nyuma ya karakana, akavuta mara moja tu. Ikawaka na kunguruma kama iliyotoka dukani jana.

"Sasa unaniona mwongo," Posta alisema.

Fundi alimuuliza kama aliiwasha nyumbani kabla ya kuja. Posta akakuna kichwa. Ndiyo, aliiwasha kidogo, maana hakutaka kuja kuvuta kamba mbele za watu kama anayekokota ng'ombe. Fundi akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyepoteza mazoezi. Alimwambia hayo ni sawa na kumeza dawa ya homa njiani halafu kumwomba daktari akupime joto. Ugonjwa wa mashine hii ni wa baridi. Ikishapata moto, unajificha. Ni lazima ilale hapa, na kila siku watakuwa na nafasi moja tu ya kuukamata, saa kumi na mbili asubuhi, kabla chuma hakijaota jua.

"Basi kesho saa kumi na mbili niko hapa," Posta alisema. "Nitakuja na chai."

Wakati mmoja chumba cha nyuma ya karakana hakikumtosha fundi na familia yake. Watoto watatu walikulia humo, wakilala kichwa miguuni, kisha wakatawanyika. Miaka miwili iliyopita mke wake alikwenda kwa binti yao aliyejifungua, akae miezi mitatu. Hawakugombana. Mtoto alimzoea bibi, akaja wa pili, na miezi ikaacha kuhesabiwa. Kila Jumapili alipiga simu na kuuliza kama mumewe anakula. Anakula. Baada ya hapo kila mmoja alingoja mwenzake aseme neno, mpaka mmoja akasema mtoto analia, au kuna mteja mlangoni. Mara nyingi hakukuwa na mteja. Wenye mashua walikuwa wamehamia kwenye mashine mpya za kuwasha kwa kitufe, na kuna siku fundi alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe ikiiuliza bisibisi imejificha wapi.

Asubuhi ya pili Posta alifika na chupa ya chai na vikombe viwili vya bati. Alikuwa amesambaza barua miaka thelathini na moja, na bado alitembea kama mtu aliyebeba mfuko begani, upande mmoja chini kidogo. Fundi alivuta kamba, Posta akahesabu kwa sauti. Mara ya kumi na tisa ikakohoa, ikashika. Wakaiacha izunguke, wakakaa juu ya makreti.

Posta hakuwa na haraka ya kumaliza hadithi. Alisimulia habari za mbwa wote waliowahi kumng'ata, kwa majina ya mitaa yao. Katikati ya mbwa wa tatu na wa nne akaeleza kwa nini anaitaka mashine. Ng'ambo ya maji aliishi kaka yake, peke yake, mikono inatetemeka. Kila baada ya siku moja Posta alivuka kwenda kumnyoa ndevu, kwa sababu mzee yule hakukubali wembe wa mtu mwingine. Boti ya abiria ilivuka mara moja tu kwa juma.

"Alinilea," Posta alisema. "Wembe wa kwanza usoni pangu ulikuwa mkononi mwake."

Posta alipoondoka, fundi aliendelea na kazi. Petroli ilikuwa safi na plagi zilitoa cheche ya buluu, nzuri. Akafungua kifuniko cha mbele ya kabureta, akavuta kitasa cha choki huku akichungulia ndani. Kwa nje kitasa kilitoka chote. Ndani, kibati kinachopaswa kuziba njia ya hewa kilisimama robo kabla ya kufunga. Ndiyo sababu asubuhi injini ilimeza hewa nyingi na petroli kidogo, na ikishapata moto haikujali tena. Kiunganishi kati ya kitasa na kibati, kiwaya kinene kama njiti ya kiberiti, kilikuwa kimepinda kwa uzee. Kukinyoosha ilikuwa kazi ya koleo na dakika tano.

Koleo lilikuwa mezani. Fundi alilitazama, kisha akarudisha kifuniko na kukaza skrubu zote nne.

Hakujiambia kwamba anafanya ubaya. Alijiambia ni vizuri kuhakikisha. Asubuhi ya tatu alibadilisha plagi zisizo na kosa lolote, akavuta kamba mara kumi na nane, akatikisa kichwa kama mtu aliyepigwa chenga. "Tujaribu tena kesho," alisema. Posta akamimina chai na kumaliza habari ya mbwa wa nne, kisha akamuuliza fundi habari za watoto, mmoja mmoja, akasubiri majibu. Siku ile fundi alifagia karakana yote, hata chini ya meza.

Asubuhi ya nne Posta alikuja bila hadithi. Aliweka chupa chini na hakuifungua. Jana jioni mvuvi mmoja wa ng'ambo alikuwa amempa salamu. Kaka yake alionekana amekaa gatini tangu asubuhi, taulo shingoni, akiangalia maji. Watu walimwambia aingie ndani, akasema mdogo wake yuko njiani.

Fundi alichukua bisibisi, akatoa skrubu nne, akachukua koleo na kukinyoosha kile kiwaya kwa mikunjo miwili midogo. Akavuta kitasa, kibati kikafunga kabisa. Hakuhitaji hata kuinama kutafuta. Alivuta kamba mara moja, ikakohoa. Mara ya pili ikawaka.

Posta aliitazama mikono ya fundi ilikopita. Mtu aliyepanga barua miaka thelathini anajua mkono unaotafuta na mkono unaojua.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu juzi."

"Kaka yangu amekaa na taulo shingoni kwa sababu ya chai yangu?"

"Si chai, Posta."

Posta hakumwuliza ni nini. Aliifungua mashine kwenye pipa, akaipakia kwenye toroli, akaondoka na chupa yake. Kikombe kimoja kilibaki juu ya kreti.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi aliyovuka Posta, fundi aliisikia kutoka kitandani, kwa kuwa gati la upande huu lilikuwa mteremko mfupi tu kutoka karakana. Mvuto wa kwanza, wa pili, kisha mngurumo unaopungua juu ya maji. Mara moja palikuwa na baridi kali, na mivuto ikafika mitatu, minne. Fundi alijikuta amekaa, kiatu kimoja mguuni. Mara ya tano ikawaka. Akabaki na kiatu kile, amejionea haya kwa jambo alilokuwa akiliomba, kwamba isiwake.

Siku mbili baadaye aliamka mapema, akaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi, akateremka gatini. Posta alikuwa ameinamia mashine. Alimwona, akavuta kamba mara mbili, ikawaka.

"Inashika vizuri," fundi alisema.

"Inashika."

Fundi alimpa kikombe, akamwomba msamaha wa zile siku mbili, kwa maneno machache, akiangalia maji. Posta alikigeuzageuza kikombe. Halafu akanyoosha mkono akaizima mashine. Gati likanyamaza.

"Ikishapata moto haina shida," alisema, akaifungua chupa. "Lakini ni kimoja tu. Ananisubiri."

Walikunywa wamesimama, bila mbwa hata mmoja. Posta akavuta kamba mara moja, akaenda. Fundi alisimama pale mpaka sauti ikaisha kabisa juu ya maji, kisha akapanda kwenda kufungua karakana.