Kofia ya sindano

Leo nimefokewa mbele ya mgonjwa, na nilistahili.

Nilikuwa nimemaliza kumdunga mzee mmoja kwenye kituo chetu cha afya, hapa Kikula. Mkono wangu wenyewe ukairudishia sindano kofia yake ya plastiki.

"Ya Béa, acha! Tupa mu karton vile iko! Utajichoma na damu ya bantu bengine!"

Ni Clarisse, muuguzi mwenzangu aniitaye Ya, dada mkubwa, akinyoshea kidole boksi la sindano zilizotumika.

Jamani, kofia nilifundishwa na Mama, muuguzi naye. "Sindano ni kama weye," alikuwa akiniambia akinifunga kitambaa asubuhi za baridi. "Haitembei kichwa wazi."

Watoto wa wauguzi wa zamani, mama zenu nao walikuwa na plasta? Ya Mama haikutoka kwenye kidole gumba. Nilidhani ni sehemu ya yunifomu.

Ugonjwa wa ini, ule unaoambukizwa kwa damu, ndio ulimchukua.