Wimbo wa Baba Haukai kwenye G

Zilipobaki wiki tatu kabla ya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya wazazi wangu, baba alinipigia simu kutoka Nkoma akaniomba nimpigie wimbo mmoja kwa gitaa siku hiyo. Si wa kwaya. Ulikuwa wimbo wa roki wa Kizungu, wa zamani. Aliusikia ujanani alipokuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambako fundi mmoja aliupiga kwa kaseti kila siku. Baba hana kawaida ya kuomba. Nilikubali kabla hajamaliza.

Napiga gitaa kwenye kwaya ya parokia hapa Bariadi mwaka wa tisa sasa, nikadhani ni kazi ya jioni moja. Dada alinitumia wimbo kwenye simu. Nilichora mistari kwenye daftari: dakika upande wa kushoto, kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa pamoja, upande wa kulia. Zilikuwa tatu tu, zikizunguka: D, C, G, kisha D tena. Kilichobaki ni kujua do, noti ambayo wimbo unaegemea, iko wapi.

Kwenye kwaya zetu jambo hilo lina njia yake. Unakwenda mwisho wa wimbo, unasikiliza unapotua. Hapo ndipo nyumbani, hapo ndipo do. Lakini wimbo ule hautui. Unapungua sauti huku wanamuziki wakiendelea kupiga, kama watu wanaoondoka wakiongea. Nilivaa visikilizi, nikarudia mwisho ule mara kumi na moja. Kitu cha mwisho kilichosikika kilikuwa G. Nikaandika: do ni G.

Sauti ya mwimbaji ikakataa. Kila mstari uliishia kwenye so, yaani D, ukaning'inia hapo. Niliona mwenye kosa ni mwimbaji. Nikaishusha mistari yote hadi do, kama tunavyofanya Jumapili.

Jumamosi nilikwenda Nkoma kumsikilizisha.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu mama, nikaketi, nikapiga.

Mama alianza kucheka. "Tupange foleni ya komunyo?"

Baba hakucheka. "Huo ni wa kanisani," alisema. "Wewe unauketisha. Wangu umesimama."

"Umesimama vipi, baba?"

"Sasa mimi nitajuaje? Mwenye gitaa ni wewe."

Nilirudi Bariadi nimekasirika, na zaidi kwa sababu sikujua nimkasirikie nani. Nilimpelekea daftari mwalimu wa kwaya. Alilisoma lote, akalifunga.

"Hakuna wimbo unaokaa kwenye so," alisema. "Umesikia vibaya."

"Nimesikia mara mia, mwalimu."

"Basi umesikia vibaya mara mia."

Siku nne sikugusa gitaa. Ya tano, nikiwa napasi shati, wimbo ukilia kwenye simu, nilijikuta nikiimba kwa sauti ya chini noti moja isiyobadilika. Ilikaa sawa na kila mzunguko ulivyoanza. Ilikuwa D. Nyumbani palikuwa mwanzoni muda wote, mimi nikapatafuta mwishoni kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nilifuta ukurasa mzima. C, niliyoiona ya kawaida, sasa do ikiwa D ilikuwa mgeni aliyeingia na viatu ndani. Mwimbaji hakuwa na kosa lolote.

Kujua hakukunisaidia. Mkono wangu una miaka tisa ya kumalizia Amina za kwaya. Kila nilipofika mwisho wa mstari vidole vilikwenda G vyenyewe, na kadiri nilivyovizuia ndivyo nilivyoharibu.

Siku ya jubilei, baada ya misa, baba aliwanyamazisha wageni nyumbani akanionyesha kiti. Nilipiga. Mwishoni vidole vikaenda G.

"Rudia," alisema baba.

Nilirudia, nikaketisha tena. Kaka akanong'ona kwamba wali unapoa. Mara ya tatu nilipotea katikati. Nikamwomba baba tuache.

"Rudia."

Mara ya nne nilifika kwenye D ya mwisho nikaondoa mkono wa kushoto kabisa, nikauweka gotini. Watu walisubiri. Katekista aliinama akaniambia kwa upole, "Malizia tu, usiogope."

"Hapo hapo," baba akasema. Alimgeukia mama. "Umeusikia? Ndio huo."

Watu walipoinuka kwenda kunawa, niligeukia ukutani nikapiga taratibu, mara moja, ile G niliyoizuia.