Pumzi Alizozihesabu Bi Mwanaidi

Niliripoti kazini Jumatatu ya kwanza ya mwezi Februari, saa moja na dakika kumi asubuhi, katika zahanati moja ya Mbagala, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Wenzangu niliotoka nao chuoni walikuwa mabinti wa miaka ishirini na kidogo. Mimi nilikuwa mama wa watoto wawili, niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni huku marehemu mume wangu akisonga ugali na kuwaogesha watoto ili nisome. Nililivaa gauni lile jeupe kwa fahari, na sioni sababu ya kuificha leo.

Muuguzi Mfawidhi, yaani mkuu wa wauguzi wa pale, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akanikabidhi saa yenye mshale wa sekunde.

"Leo hugusi sindano," alisema. "Kaa na akina mama kwenye benchi, uhesabu pumzi za watoto."

"Pumzi tu, Mama?"

"Pumzi tu. Zikikushinda hizo, na mengine yatakushinda."

Alinifundisha kwamba ugonjwa wa mtoto haupimwi kwa kelele za kikohozi chake. Mtoto hufunuliwa kifua, akatulizwa asiwe analia wala ananyonya, kisha kifua kikahesabiwa kinavyopanda kwa dakika nzima. Mwenye umri wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka akifikisha pumzi hamsini, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha arobaini, huenda ana nimonia, yaani homa ya mapafu, na apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, hapo hangojwi baba wala shangazi. Asubuhi ile nilihesabu nusu dakika nikazidisha kwa mbili. Muuguzi Mfawidhi aliniona, akasema mbele ya benchi zima: "Bibie, mtoto hapumui kwa hesabu ya kuzidisha." Akina mama walicheka, nami nikacheka nao, ingawa masikio yaliniwaka.

Baada ya miaka sita na miezi miwili nilihamishiwa Tabata, kwenye chumba cha watoto wanaoharisha. Mganga Mfawidhi wa pale alikuwa mtu mpole, asiyechoka kuwasikia akina mama wakimwambia kuwa mtoto anaharisha kwa sababu anaota meno. "Kama ni meno," alikuwa akijibu, "basi na meno yanataka maji." Kisha huonyesha mwenyewe: pakiti moja ya dawa ya kurudisha maji mwilini kwa lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kwa kijiko; mtoto akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena polepole. Na ziwa la mama lisikatizwe.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Chanika, na huko nilipewa jukumu la kuwatembelea wazazi majumbani. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, nilimkuta Bi Mwanaidi ukumbini, amejifunga kanga mbili tayari kwa safari. Mkwewe, Zuhura, alikuwa amempakata Rajabu, mtoto wa miezi kumi, mwenye kikohozi cha siku nne.

"Shikamoo, Bibi. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Kwa mkata kimeo. Mtoto kimeo kimerefuka, kinamkwaruza koo."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Wengi wa huku huamini ndicho kiletacho kikohozi, na mkataji hukiondoa kwa chuma au wembe. Nimewahi kupokea mtoto aliyetoka huko damu ikigoma kukata. Nilimweleza Bi Mwanaidi hayo yote, nikataja na cheti changu.

"Nesi," alinikata, "wewe umesoma ukubwani. Mie nimelea tangu udogoni. Wanangu saba wote nimewakata, na wote wazima."

Zuhura aliinamisha kichwa. Kifua cha Rajabu kilikuwa kinakimbia, na nilijua kwamba wakitoka mlangoni kwenda kwa mkataji, huenda nisimwone tena. Ndipo nikaiona tasbihi mkononi mwa yule bibi.

"Basi nihesabie wewe, Bibi. Kila kifua kikipanda, sukuma punje moja. Mimi nitashika saa."

"Tasbihi ya kumtaja Mungu, nihesabie mafua?"

"Na pumzi ni za nani, Bibi?"

Alinikazia macho, kisha akakaa. Punje thelathini na tatu za kwanza zilikwisha mapema, na nilipotamka kuwa dakika imetimia, kidole chake kilikuwa kwenye ya sitini na moja. Nilimwomba ahesabu na mtoto wa jirani, wa umri uleule, aliyelala mkekani. Kidole kikaishia thelathini na tano. Bi Mwanaidi alimgeukia mjukuu wake.

"Huyu wangu," aliuliza taratibu, "anakimbilia wapi?"

Hakungoja jibu. "Zuhura, inuka. Tunakwenda kituoni."

Rajabu alipewa dawa ya siku tano. Jumamosi nilipokwenda kumtazama alikuwa ananyonya kwa nguvu. "Arobaini na mbili," Bi Mwanaidi aliniambia kabla sijavua viatu. "Nimerudia mara tatu, maana anachezacheza." Nikamsihi dawa isiachwe hata kama mtoto amechangamka.

Nilistaafu siku niliyotimiza miaka sitini. Kwenye hafla ya kuniaga vilisomwa vituo vyangu vyote na vyeo vya walioniongoza. Bi Mwanaidi hakutajwa, kwa kuwa hakuwa mtumishi. Lakini tangu Jumamosi ile hadi alipofariki, mwenye mtoto wa kikohozi mtaani kwao alipita kwake kwanza, na Bi Mwanaidi akaja nao zahanati akiwa na hesabu mdomoni. Mimi nilihesabu upya kila mara, kwa sababu ndiyo kazi. Hatukutofautiana hata mara moja.