Ng'ombe wa Tatu wa Wiliam

Mimi Ferista nimezaliwa Ihanda, nikaolewa Mpemba, nikasoma mpaka darasa la tatu, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa lolote katika hayo matatu. Kusoma kwangu kumenitosha. Jina langu naliandika, na pesa sijapunjwa, iwe ya huku au ya ng'ambo ya mpaka.

Marehemu mume wangu, Osea, alikuwa na shamba la bondeni lenye maji. Wenzake walipanda mahindi, yeye akapanda maua na majani mafupi, akachimba bwawa, na katikati akaweka bomba la kurusha maji juu kama mkia wa jogoo. Watu walicheka. "Osea analima picha," walisema. Basi picha zikaota. Maharusi wa Tunduma wakaanza kuja kupigwa picha mbele ya maji, wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nao wakavuka, na kila harusi ililipa kiingilio. Watoto wangu wamesomeshwa na shela za watu.

Maji hayo yalirushwa na jenereta. Osea aliinunua mwaka alioolewa binti yetu Ruti, kwa ng'ombe wa mahari yake. Ikanguruma miaka kumi na tisa. Mwishoni ikawa inakunywa dizeli kama mgeni wa bure.

Basi Agosti iliyopita ikakohoa moshi mweusi, upepo ukaubeba moja kwa moja mpaka kwenye shela ya bibi harusi. Shangazi yake, Fides, mwenye duka la vitenge Tunduma, akanijia.

"Bibi, huyu tulimleta na gauni jeupe."

"Litafuliwa," nikamwambia.

"Nina mwingine anaolewa mwezi wa kumi. Nikiikuta tena kelele hiyo na moshi huo, tunahamia kwingine, na mjini kote nitawaambia."

Fides akisema, mjini wanasikia. Harusi zikihama, bustani ya Osea inarudi kuwa shamba la mahindi, na wale waliocheka wanacheka upya. Hilo sikuwa tayari kuliona.

Mwanangu Lwitiko, anayesimamia bustani, akaleta karatasi za sola. Paneli na pampu, milioni nne. Kianzio milioni mbili, zilizobaki tulipe kila mwezi kwa pesa ileile tuliyokuwa tunanunulia dizeli. Hesabu hiyo niliielewa kabla hajamaliza kuisoma. Shida ilikuwa kianzio. Pesa tuliyouza kahawa yetu kidogo ilikuwa milioni moja na laki moja tu. Akataka tupeleke hati ya shamba benki.

"Baba yako amezikwa wapi?" nikamuuliza.

"Pale karibu na bwawa, mama."

"Na benki wakichukua shamba, yeye watamweka kaunta namba ngapi?"

Akakunja karatasi zake.

Nikaamua tuuze jenereta. Tukapata mnunuzi wa Nakonde, laki tisa. Hata hajaja kuichukua, akatokea mkwe wangu Wiliam, mume wa Ruti, kwa pikipiki kutoka Igamba, amevimba kama chura wa masika.

Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Maneno hupitia kwa mtu. Ruti alikuwa msibani, na Lwitiko alipoona pikipiki tu akakumbuka kuwa chumvi imekwisha, akaenda dukani. Tukabaki wawili. Nikajitanda khanga, nikaketi upande huu wa jenereta. Yeye akachuchumaa upande ule.

"Wewe jenereta," akaanza, "muulize mama, ng'ombe wangu wanavushwa mpaka na mimi sijaambiwa?"

"Jenereta, mwambie mwanangu mimi hapa naona chuma. Ng'ombe wanaotoa moshi sijawaona."

"Jenereta, mwambie mama chuma hicho kimetokana na mahari yangu. Kitu cha mahari hakiuzwi bila kumwambia aliyeleta."

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Mtu mwenye haki usishindane naye hapo aliposimama. Mhamishe.

"Jenereta," nikasema, "ulinunuliwa kwa ng'ombe wangapi?"

Nikamsikia akikwangua kutu kwa kucha.

"Walikuwa wawili. Na waliokubaliwa mbele ya wazee ni watatu. Wa tatu mwanangu alisema ana mimba, ataletwa akishazaa. Hebu muulize, mimba ya miaka kumi na tisa, anatuzalia tembo?"

Nikasikia kikohozi.

"Jenereta, mwambie mama yule ng'ombe alikufa."

"Mpe pole. Msibani hatukualikwa. Ila angeletwa kwetu, angekuwa ameacha watoto na wajukuu. Nimewahesabu, ni kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja! Mama!" Akaruka, akanichungulia juu ya jenereta, jicho kwa jicho. Nikafunika uso, nikapiga yowe mpaka bata wakatoka bwawani. Akajua amekosa. Kosa hilo kwetu hulipwa kwa jogoo.

Jumamosi akalipa deni, akaleta ng'ombe na ndama wake, na jogoo juu ya pikipiki. Ng'ombe na ndama tukawauza laki tisa na nusu, kianzio kikatimia na nauli ikabaki. Yule wa Nakonde tukamwambia jenereta haiuzwi tena. Jogoo alipikiwa mafundi wa sola. Shingo nilikula mwenyewe.

Mwezi wa kumi Fides akaja na bibi harusi wake. Akasimama getini, akatega sikio.

"Bibi, mbona kimya? Imeharibika?"

"Tazama mbele," nikamwambia.

Maji yalikuwa yanaruka kuliko enzi za Osea, na neno la mchungaji aliyekuja kuwaombea maharusi lilisikika mpaka barabarani. Fides akaweka oda ya harusi nyingine mbili palepale.

Wiliam naye alikuja, eti amemleta Ruti. Akazunguka bwawa akiangalia maji. Alitaka kusema kitu, ilionekana hata mgongoni. Mwisho akaenda kwenye jenereta, ambayo imepoa na kuku wanatagia juu yake, akachuchumaa. Nami nikaenda nikaketi upande wangu.

"Jenereta, mwambie mama maji yamependeza."

"Jenereta, mwambie mwanangu ahsante," nikasema. "Na yule ndama alikuwa amekonda."