Kikombe cha Supu

Mke wangu alipasuliwa moyo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukiishi Kitengela. Vali moja, kilango cha damu ndani ya moyo, ilikuwa imechakaa, na tarehe ya upasuaji tuliingoja karibu mwaka mzima.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, miguu yake ilivimba. Nilienda Kajiado kwa shangazi yangu, nikarudi na mizizi ya kuchemsha kwenye supu ya mbuzi. Supu hakuipenda. Alimaliza kikombe kila asubuhi kwa sababu nilisimama pale nikimwangalia.

Hospitalini Nairobi, daktari alimuuliza kama ametumia dawa yoyote ya kienyeji. Nikajibu mimi, maana kwetu mbele ya wageni mwanamume ndiye husemea nyumba. Nilisema hapana. Niliogopa tarehe isije ikasogezwa. Mke wangu alitazama shuka.

Baada ya upasuaji moyo ulishindwa kusukuma damu peke yake. Walimwingizia puto kwenye mshipa mkubwa kupitia kinena, likawa linajaa na kunywea kufuata mapigo, mashine ikigonga kando ya kitanda. Mguu ule haukuruhusiwa kukunjwa. Mfuko wa mkojo ulikuwa na mkojo wa kimo cha vidole viwili tu, mweusi kama chai ya rangi, na hadi jioni haukuongezeka. Nesi alinieleza kwamba moyo ukilegea figo huumia, lakini hizi zimelala upesi kuliko walivyotarajia.

Siku mbili nilikaa kwenye kiti kile. Kila daktari alipopita nilifungua mdomo, nikaufunga. Mlango ulikuwa wazi na sikuweza kutoka.

Siku ya tatu nilisema. Daktari hakunigombeza. Aliuliza ni mizizi gani, kiasi gani, akaandika. Alisema wangejua mapema wangengoja figo zipimwe upya. Kama ni mizizi au ni moyo, hakuweza kuniapia.

Puto lilitolewa, moyo ukashika. Figo hazikurudi. Mara mbili kwa wiki, miaka minne, nilimpeleka Nairobi kusafishwa damu, hadi alipofariki.

Mchana mmoja wa miaka hiyo, tukiwa nyumbani, nilimuuliza kwa nini siku ile alinyamaza.

"Ulikuwa umeshajibu, baba watoto," alisema. "Ningekuaibisha mbele ya watu?"

Kisha akaomba maji. Alikuwa anaruhusiwa kidogo tu kwa siku. Nilimpimia nusu kikombe, kilekile cha supu, akanywa huku nikimwangalia.