Birika Mbili za Shangazi

Bon. Responsable, mukubwa wa mutaa wetu, amemaliza kutusomea sheria ya kuuza pombe, na ameniambia nisimame hapa dakika kumi niwaambie yenye ilinifikia. Naona wengine munaanza kucheka, na mi sijasema kitu. Sauti yangu ni hii munasikia, haipande tena, donc wa nyuma mukaribie.

Munanijua. Nabeba mizigo ku Grande Barrière, mupaka wa Goma, tangu nilipomaliza primaire. Nguvu sikukuwa nayo mingi, nilikuwa na mudomo. Mama anatoka Goma amejifunga vitenge tano chini ya nguo, mi namuchekesha mutu wa duane, ule wa kulipisha kodi ya mizigo, mpaka anasahau kuuliza kama mama ni munene ao ni vitenge. Njo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Nilikula viazi vya Bugeshi na maganda yake, nilikula samaki za sambaza na vichwa. Sikujua kama kumeza ni kazi. Mutu anajua vipi?

Mwenye alinilea ni shangazi yangu, dada ya baba. Munamuita Mama Furaha. Anakaa pale, na kitambaa ya kijani ku kichwa, muache kumugeukia. Alikuwa na kabare mu nyumba yake, lakini pombe hanywe. Aliokoka, kanisa yake inakataza. Kuuza, alisema Mungu anajua bei ya unga. Kunywa, apana.

Sasa hapo iko neno. Kwetu mutu hakupe pombe bila kuionja yeye wa kwanza. Mwenye nyumba anameza, wageni wanamuangalia, wakiona anasimama bado, njo wanapokea. Muuzaji mwenye haonje, nani atakunywa kwake? Donc shangazi alinitia mimi pa nafasi yake. Kila kitu yenye alitaka kuuza, mi wa kwanza. Nilikuwa mudomo ya shangazi. Hakunilipa, alisema kuonja njo mushahara.

Ule muda usalama ilikuwa mubaya, munakumbuka, sitaki kuirudilia. Commune, serikali yetu ya hapa, ikatoa sheria, ile ile mumesikia leo. Siku ya kazi kabare isifungue mbele ya saa kumi na moja ya mangaribi. Saa mbili ya usiku ifunge. Isikuwe karibu ya masomo ya watoto wala ya soko. Na kanyanga, ile pombe kali ya kupika yenye inavukaga mupaka mu bidon, isiuzwe saa yoyote. Responsable aliisoma hapa hapa, na miwani yake ya kufungwa na kamba. Mi niliishika yote ku kichwa, si juu ya kuifuata, ni juu ya kumuigiza.

Na shangazi aliishika vile vile, kwa namna yake. Alianza kutia kanyanga mu birika. Asubuhi watu wanakaa mu salon, kila mutu na kikombe, birika katikati, na sahani ya mandazi. Mwenye anapita anaona watu wa heshima wanakunywa chai. Yale mandazi yalikaa pale wiki nzima, hakuna mwenye aliyagusa.

Ile birika ilikuwa na ndugu yake. Shangazi alizinunua mbili Goma siku moja, birika za chuma, zimepakwa rangi nyeupe, na ua nyekundu ku ubavu. Ya pili ilikuwa ya kazi ya sabuni. Munajua anatengenezaga sabuni ya mawese. Anayeyusha soude caustique, ile dawa inaunguza ngozi, mu maji, anaacha ipoe, halafu anaimwanga pole pole mu mafuta. Birika ina mudomo muzuri ya kumwanga. Ilikaa nyuma ya nyumba, mu kibanda ya sabuni.

Mawazo ya kuzichanganya ilikuwa yangu, sitaitia mutu mwingine ku kichwa. Siku moja soude ilimurukia Responsable, ikatoboa suruali yake pa goti. Tangu ile siku akifika pa sabuni anageuka. Nikamwambia shangazi: akikuja kukagua, birika ya kanyanga tuifiche kule, kando ya ile ingine. Shangazi alisema nina akili. Mi pia nilijiona na akili.

Tulifanya vile mara mingi. Ilikuwa inakamata, hakuna mwenye alitushika.

Sasa ile siku. Siku ya kazi, saa nne ya asubuhi, watu tano mu salon. Nilikuwa na mafua, pua imeziba. Jirani, mwenye alikuwa anatuangalilia njia, akapiga mluzi: Responsable anakuja. Nikakamata birika, nikakimbiza nyuma, nikaiweka kando ya ndugu yake. Responsable akaingia, akaangalia vikombe, akaangalia mandazi. Akauliza chai iko wapi. Nikamwambia maji inachemuka, lakini moto ya leo inachelewa kama mushahara. Akacheka, akaenda zake.

Nikarudi nyuma. Birika mbili. Nikakamata moja. Sikufikiri.

Nikasimama katikati ya salon, nikafunga kamba ku masikio kama miwani, nikaanza kusoma sheria na sauti ya Responsable. Watu wanaanguka. Kwa kawaida naonjaga kidogo. Ile siku, juu ya kufurahisha watu, nilijaza kikombe, nikasema kwa jina ya commune, nikatia yote mu mudomo.

Haikukuwa moto. Ilikuwa inateleza, kama kamasi. Kama harufu ya kanyanga haiko, sikujua, juu ya mafua. Halafu ulimi ikakuwa kama si yangu. Nilitema, lakini ingine ilishaenda. Nyuma kidogo njo ikaanza, hapa mu kifua, kama mutu ameshika chuma ya moto, anashuka nayo pole pole, anasimama kila pahali. Nikaanguka na magoti. Watu walicheka zaidi. Mumoja akapiga makofi.

Shangazi alitoka mu jiko, akaangalia birika, akanusa, akaikaa chini.

Mutu akasema nitapishwe. Wakaninywesha mawese, wakanitia kidole mu koo. Nikatapika damu, na vipande vyeupe kama ngozi ya maziwa ikipoa. Docteur aliniambia nyuma kama hapo njo waliniumiza mara ya pili. Soude ilinichoma ikienda, ikanichoma ikirudi. Wale watu walikuwa wananipenda. Mujue vile.

Voiture ya jirani ikatupeleka ku hospitali. Muuguzi mwenye alitupokea alikuwa amerudi kutoka Tanzania, Swahili yake ni ya kitabu. Midomo yangu ilikuwa imevimba, mate inamwangika, siwezi kusema. Akamuuliza shangazi:

"Mama, huyu kijana amekunywa nini?"

Kulikuwa na saa ku ukuta. Nilimuona shangazi anaiangalia ile saa. Ilikuwa saa tano kasoro.

"Amekunywa chai ya moto," akasema.

Nilisikia muzuri. Masikio haikukuwa na kitu. Donc walinitunza kama mutu mwenye amechomwa na chai. Maji ya baridi, dawa ya maumivu, lala hapa, itapita. Shangazi akaikaa kando ya kitanda, ameshika sahani yangu ya bati na mikono mbili, na hakuna chakula ndani. Mi nilifikiri hivi: nikinyamaza, hakuna amende ya kulipa, hakuna kulala mu cachot, kabare inabaki. Nikilala hivi, pengine nakufa. Nilizipima zote mbili na hakuna yenye ilinitisha. Sikusikia woga. Sikusikia hasira. Niliangalia nzi ku dirisha, nikahesabu miguu yake.

Mangaribi yule muuguzi akarudi, akanifungua mudomo na kijiko, akamulika tochi. Ndani ilikuwa nyeupe yote. Akazima tochi. Akasema:

"Chai haifanyi hivi."

Akageuza karatasi yangu, akanipa kalamu. Nikaangalia shangazi. Shangazi akaangalia miguu yake. Mwalimu wangu wa primaire alinichapaga juu ya mwandiko, alisema naandika kama kuku. Nikaandika neno moja, soude. Muuguzi aliisoma mara moja.

"Mama, ungeniambia asubuhi," akamwambia shangazi.

Na shangazi akajibu, pole pole, kama mutoto:

"Asubuhi sikukuwa na ruhusa ya kufungua."

Docteur aliitwa usiku ule. Walinipasua hapa ku tumbo, wakatia kamupira, kakatokea inje. Ikakuwa njo mudomo yangu. Asubuhi, midi na mangaribi shangazi anamwanga uji wa maziwa mu ile mupira na sindano kubwa. Nilikuwa nasikia tumbo inajaa, lakini ulimi haijue kitu. Mate sikuweza kumeza, nilikuwa natema mu kopo ya maziwa ya unga. Kopo ikijaa, shangazi anaenda kuimwanga. Kilo zilitoka mpaka mufupa wa kukalia ukaniumiza.

Miezi ilipita. Donda likapona, lakini likipona linakaza, na njia ya chakula ikakuwa kama mujani wa kitunguu. Donc docteur akaanza kunipanulia. Unakaa, unainua kichwa, anakuingizia mupira mu koo inashuka mpaka kifuani. Wiki ya kufuata anarudi na yenye kuwa munene kidogo. Unasikia unataka kutapika na hakuna pahali ya kutapikia. Machozi inatoka yenyewe, si kulia. Sikulia ata siku moja. Wagonjwa wenye nililala nao mu salle waliniambia, we si njo ule wa kuchekesha, tuchekeshe kidogo na mikono. Niliwaangalia. Mizaha haikukuwa imekatazwa, haikukuja tu, basi.

Kabare walifunga miezi tatu, na shangazi alilipa amende. Responsable njo aliandika ile karatasi ya amende. Nyuma ya siku kidogo akakuja kuniona, na maziwa mu chupa. Akaikaa pa mwisho wa kitanda, akatoa miwani, akaifungua kamba, akaifunga tena. Nimemuomba ruhusa ya kuwaambia yenye alisema, na amenipa. Alisema:

"Mi nilikuwa najua iko nini mu ile birika. Nilikuwa naacha juu ulikuwa unanichekesha."

Watu wote walikuwa wanajua. Ye alijua, jirani wa mluzi alijua, pengine ata mandazi yalijua. Sheria ilikuwa ku karatasi na mi nilikuwa mu mulango, nachekesha, na ilikuwa inapita kando yangu kama wale mama wa vitenge.

Siku docteur aliposema tujaribu kumeza, ilikuwa maji, kijiko moja. Nilikataa. Nilitikisa kichwa. Mwenzenu nilikuwa naogopa kijiko, na njo mara ya kwanza tangu ile siku nilisikia kama naogopa kitu. Muuguzi akasema mdogo wangu, ni maji tu. Nikatikisa kichwa tena. Shangazi akasimama. Akakamata kikombe mu mukono ya muuguzi, akakunywa ye wa kwanza. Hakuharakisha. Akameza, akafungua mudomo anionyeshe hakuna kitu inabaki. Akasimama pale mbele yangu, kama mwenye nyumba, nimuangalie kama ataanguka.

Hakuanguka. Nikafungua mudomo. Maji ikakaa ku ulimi mpaka ikakuwa moto. Halafu nikaiacha. Ikashuka, ikasimama hapa, nikafikiri basi. Ikapita.

Sikuruka, sikuimba. Nililala nikiangalia ukuta. Lakini ile kopo ya mate, kesho yake, niliimwanga mimi mwenyewe.

Leo nakula uji, viazi vya kuponda, mboga za kupika sana. Nyama, apana. Kila mwezi narudi ku ile mupira, na docteur anasema itakuwa vile miaka mingi. Shukrani kwa Mungu nasema, ata kama moyo wangu inachelewa, inakuja nyuma kama mutu wa mizigo. Shukrani kwa docteur. Shukrani kwa yule muuguzi mwenye alijua chai inafanyaga nini na haifanye nini.

Mashauri yangu si mingi. Soude usiitie mu chombo ya kunywea, ata siku moja, ata dakika moja. Mutu akiimeza usimutapishe, mupeleke. Na ukifika, useme ukweli, ata kama saa ku ukuta inakukataza. Amende inalipwaga. Sheria, mi sisemi ni tamu. Mutu mwenye ametoka kupakua mashua ku bandari ya Rubona saa tatu ya asubuhi, kiu yake haisome karatasi, najua. Lakini kile tulichokuwa tunaficha, tulikificha muzuri mpaka sisi wenyewe tukakipoteza. Shangazi sasa anafungua saa kumi na moja, mulango wazi, pombe mu chupa, na karatasi ya commune iko ku ukuta. Kuonja, ametafuta mutu mwingine. Ni muzee, anaonja kidogo sana.

Dakika kumi zimeisha na koo imekauka. Ni saa nne ya asubuhi bado, kabare imefungwa. Shangazi, leta ile chai yangu hapa mbele. Onja kwanza, wakuone.